Kijivu Juu ya Kijivu

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Daktari ametuita asubuhi, mimi na Bi Mkasi, akatuambia kwamba daftari la miadi linastaafu. Kliniki yetu ya macho itatumia kishikwambi, na mgonjwa atapanga miadi yake mwenyewe kwa kidole. Sisi wawili ndio tuliopelekwa kwenye kozi ya kubuni programu ambazo watu wanaweza kuzitumia bila kulia. Basi kila mmoja abuni yake. Zitajaribiwa mbele yake Ijumaa ya tarehe 14. Mshindi atakuwa Msimamizi wa Mfumo, na atapewa kile chumba kidogo pembeni ya stoo ya dawa, ambamo kwa sasa yanakaa mafagio.

Chumba chenye mlango! Miaka tisa nimekuwa karani wa kumbukumbu, meza yangu ukumbini, kila anayepita ananiuliza choo kiko wapi. Nimeshaupima ule mlango. Jina langu linaenea, cheo kinaenea, na inabaki nafasi ya maneno "Gonga Kwanza".

Bi Mkasi ni mpokezi wetu. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu tangu kozi ianze hatembei bila mkasi. Anachora skrini kwenye karatasi, anazikata, anampa mgonjwa aguse kwa kidole, kisha anabadilisha karatasi kana kwamba yeye ndiye mashine. Mtu mzima! Sina wasiwasi naye hata chembe.

Kozini mwalimu wetu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alitufundisha namna ya kujaribu programu. Mpe mtu kazi ya kufanya, alisema, kisha nyamaza umtazame. Usimsaidie. Usimsahihishe. Akikosea, aliyekosea si yeye, ni chombo. Nadhani mwalimu hajakutana na watu wengi. Tukafanya zoezi la kunyamaza. Wenzangu walimaliza dakika tano. Mimi nilimaliza sekunde kumi na moja, alizipima kwa saa yake. Si kosa langu nikiwa na mengi ya kusema.


Jumanne, 4 Machi

Nimemaliza kubuni. Siku moja tu! Bi Mkasi bado yuko kwenye karatasi yake ya kwanza, au ya mia, sijui.

Yangu ni kijivu juu ya kijivu hafifu. Ina hadhi. Maneno nimeweka machache sana, kwa kuwa maneno ni ya watu wasiojiamini. Badala yake kuna alama ishirini na tatu, nilizochora kwa mkono wangu. Ya kuingia ni bundi, maana bundi huona gizani. Ya kupanga miadi ni jani linaloelea. Ya kughairi miadi ni jani linaloelea vilevile, ila limeelekea upande wa pili. Kitufe cha kurudi nyuma nimekifuta. Mtu mwenye msimamo harudi nyuma.

Michoro yetu hugeuzwa kuwa kitu cha kweli na fundi wa programu, bwana mmoja anayeguna kuliko anavyosema. Alikitazama kioo, akakisogeza dirishani, akauliza kama kimezimika. Nikamwambia kimewaka, hiyo ndiyo hadhi yenyewe. Akanikumbusha taratibu kwamba hii ni kliniki ya macho. Nikamjibu ndiyo sababu wagonjwa wanakuja: watibiwe kwanza, waone baadaye. Akaguna.


Alhamisi, 6 Machi

Jaribio la kwanza. Nilimwomba mlinzi wa getini, mzee mtulivu, nikampa kazi apange miadi ya wiki ijayo. Nikanyamaza. Kimya kabisa! Lakini mwalimu hakukataza kukohoa. Nikaamua: kikohozi kimoja, kushoto, viwili, kulia.

Kwanza alikataa kumgusa bundi. Alisema hajawahi kusikia mtu amegusa bundi akapata habari njema, tena hospitalini. Nikakohoa kwa mkazo. Akagusa pembeni. Nikakohoa tena, mara mbili, mara mbili, mara mbili. Dakika ya sita akakiweka kishikwambi chini, akaniletea maji, akanishauri nikapimwe kifua.

Alimaliza kwa dakika kumi na nne, na miadi aliyoipanga ni ya mwaka juzi. Kwenye ripoti nikaandika dakika mbili. Kumbe mwalimu amefika kututembelea, na alikuwa amesimama mlangoni na saa yake tangu mwanzo! Akaniuliza zile kumi na mbili zimekwenda wapi. Nikamweleza kwamba nimetoa muda ambao mzee alikuwa anakosea. Aliniangalia muda mrefu. Naamini hajawahi kukutana na mbinu hiyo.


Ijumaa, 7 Machi

Nimempeleleza Bi Mkasi. Nilijifanya napanga mafaili nyuma ya kabati. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa pamoja na fundi cherehani mmoja, mwembamba, anayesubiri upasuaji kwa sababu siku hizi anajishona vidole. Akampa karatasi zake. Fundi cherehani akagusa mahali pasipotakiwa. Bi Mkasi hakusema kitu, akaandika tu. Kisha akamuuliza pale alitarajia kukuta nini. Alipojibiwa akachukua mkasi, kata, kata, akatengeneza nyingine. Mara nne! Kwa mtu mmoja!

Nilifurahi hadi nikagonga kichwa kwenye kabati. Mwenzangu amekosea mara nne kwa asubuhi moja. Mimi sijabadilisha hata nukta tangu Jumanne. Hesabu iko wazi.

Hata hivyo mwenye busara haachii mambo yajiendee. Daktari amesema siku ile kila mmoja alete mgonjwa mmoja, mgonjwa wa kweli, ambaye hajawahi kuiona programu. Nami mgonjwa wa kweli ninaye nyumbani. Mama mkwe wangu! Anaishi nasi tangu mtoto wa jicho amzidie, na amesubiri upasuaji miezi minne. Zamu yake ni Jumanne ya tarehe 18, siku anayokuja daktari bingwa wa upasuaji, ambaye huja mara moja kwa mwezi. Nitamfundisha kwa siri.

Na kuhusu hilo la "hajawahi kuiona": kwa hali ya macho yake, hata nikimwonyesha kutwa nzima, hakuna atakayethubutu kusema ameiona.


Jumamosi, 8 Machi

Mafunzo yameanza. Mama mkwe ni mwalimu mstaafu wa hesabu na hajaacha kusahihisha. Nilimwekea kishikwambi mapajani. Akakipapasa, akakiinamia mpaka pua ikagusa kioo.

"Mkwe wangu," akasema, "hapa pana kitu, au umeniletea sahani tupu?"

Nikamwambia mna alama ishirini na tatu humo. Akasema basi ni kama nyota za mchana, zipo lakini hazimwongozi mtu.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Aliuliza kwa nini nisizikuze tu herufi na kuzipaka nyeusi. Mke wangu ni mtu mwema, lakini hajasoma kozi.

Ndipo likanijia wazo. Kama haoni, si ahesabu! Nikachukua utepe wa kupimia nguo. Toka pembe ya juu kushoto, vidole viwili: bonyeza. Vinne chini: bonyeza. Kimoja kulia: bonyeza. Hivyo hivyo hadi mibonyezo minane. Mama mkwe alishika mara moja. Ila alitaka kujua kila mbonyezo ni wa nini. Nikamwambia asijali ni wa nini, ahesabu tu. Akasema miaka thelathini na moja aliwachapia wanafunzi hilo hilo.


Jumapili, 9 Machi

Ushindi! Sekunde ishirini! Mara tisa mfululizo bila kosa, tena akiangalia dirishani na kunisimulia habari za jirani. Nimemtumia daktari ujumbe kwamba programu yangu inaendeshwa hata na mtu asiyetazama. Hajajibu. Ni Jumapili.

Baada ya chakula mama mkwe aliniuliza kama kweli ile Jumanne ya tarehe 18 ipo. Anataka asome barua za dada yake mwenyewe, kwa sababu mke wangu akimsomea huruka sehemu zenye umbeya, na bila umbeya barua za dada yake hubaki salamu tupu. Nikamwambia ipo, tena imara kama mwamba.


Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya makubwa mawili.

La kwanza: niliona skrini yangu imelemea upande. Jani la kughairi lina kikonyo kirefu kidogo, na pale lilipokuwa lilionekana kama linataka kuanguka. Nimeyabadilishia nafasi majani hayo mawili. Sasa inapendeza hadi inatia simanzi.

La pili: nimemwamuru fundi wa programu aiunganishe na orodha halisi ya wagonjwa. Alikuwa ameweka majina ya bandia, ya mazoezi. Nani atapiga makofi kwa miadi ya mtu asiyekuwepo? Alinionya tusiiguse orodha halisi mpaka majaribio yaishe. Nikamuuliza mwenye mfumo ni nani. Akaguna, akaniletea karatasi niweke sahihi kwamba ni agizo langu. Nikaweka. Kubwa.

Kozini mwalimu alisema kila programu impe mtu njia ya kutengua alichokifanya, na kila swali liulizwe kwa maneno ambayo mtu angeyatumia sebuleni kwake. Langu nimeshaliandika, litokee kabla miadi haijafutwa: "Je, una hakika hutaki kutoghairi miadi hii?" Majibu yako mawili, pale pale panapoangukia mbonyezo wa nane, "Ghairi" na "Sawa". Bi Mkasi alilisoma begani kwangu. Akafumba macho, midomo ikawa inacheza kama mtu anayetafuta hesabu ya deni la ukoo. Wivu huo!


Jumanne, 11 Machi

Mazoezi ya mwisho. Nilitoka kazini saa tisa na nusu, kishikwambi kikiwa kwapani. Mama mkwe alifanya mara saba. Vidole viwili, bonyeza. Vinne chini, bonyeza. Safi kila mara! Kila akimaliza unatoka mlio mtamu kama wa kengele, na neno "Hongera!" Nililichagua mwenyewe, litokee kwa kila jambo, kwa sababu watu wanapenda kutiwa moyo. Mama mkwe akauliza anapongezwa kwa lipi. Nikamwambia kwa ujumla.

Mara ya nane kioo kilisema orodha ni tupu. Nikaona ni ishara kwamba somo limekwisha. Tukanywa chai.

Asubuhi nilipima hata tundu la ufunguo la chumba cha mafagio. Zuri.


Jumatano, 12 Machi

Lo! Lo! Lo!

Asubuhi wa kwanza kufika alikuwa yule fundi cherehani. Alikuwa anacheka peke yake, ameshika simu juu kama bendera. Alisema amekuja kushukuru, maana ameambiwa amepona, ila angependa kujua ni jicho lipi. Bi Mkasi akaichukua simu, akasoma: "Miadi yako imeghairiwa. Hongera!"

Akafungua orodha ya tarehe 18. Nyeupe. Wagonjwa saba wa upasuaji, hata mmoja hayumo. Na karani wa yule daktari bingwa, kuona bwana wake hana mgonjwa, alikuwa ameshaigawa siku hiyo kwa hospitali nyingine. Daktari wetu alitoka chumbani mbio, glavu mkono mmoja.

Nilipendekeza kwamba ni virusi. Kisha nikapendekeza umeme. Kisha, kwa masikitiko, fundi wa programu. Huyo fundi akaguna, akafungua kumbukumbu ya mfumo. Sikujua kuna kumbukumbu! Kila mbonyezo umeandikwa, na saa yake, na kishikwambi cha nani. Jana, kati ya saa kumi na dakika tano na saa kumi na nusu, kishikwambi changu, mara saba. Mbele ya kila moja: "Hongera!" Akaweka na ile karatasi yangu mezani. Sahihi yangu ilionekana toka mlangoni.

Daktari hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba wa saba ni mama mkwe wangu, akauliza kama nimeliona hilo. Nilikuwa sijaliona.

Nyumbani nilimkuta mke wangu amesimama katikati ya sebule na simu ya mama yake. Alikuwa ameshausoma ujumbe kwa sauti. Mama mkwe alikaa mikono magotini. Aliniuliza kwenye orodha alikuwa wa ngapi. Nikasema wa saba. Akahesabu kwa vidole, polepole.

"Kwa hiyo niliwafuta wenzangu sita, halafu nikajifuta mwenyewe."

Nikasema ndiyo.

"Na nilifanya kama ulivyonifundisha?"

Nikasema bila kosa hata moja. Akageuza uso dirishani, ambako haoni kitu. Mke wangu akaichukua simu akaenda nayo jikoni, na mke wangu akikosa la kusema, ujue ameshapata la kufanya.


Alhamisi, 13 Machi

La kufanya lilikuwa hili: amemwalika Bi Mkasi nyumbani kwangu!

Inasemekana jana mwanamke huyu alitoa daftari la zamani chini ya kaunta, akawapigia wagonjwa wote sita mmoja mmoja, akawaomba radhi. Kisha akamwandama karani wa daktari bingwa kwa simu asubuhi nzima mpaka yule karani akasalimu amri. Daktari bingwa atakuja Jumamosi hii, asubuhi. Wote saba wamerudishwa. Watu wanamsifu. Kupiga simu! Hata mimi najua kupiga simu.

Alikuja saa kumi na moja bila mkasi wala karatasi mkononi, akakaa karibu na mama mkwe. Alimwomba amwonyeshe alivyofanya juzi. Mama mkwe akaonyesha: vidole viwili, vinne chini. Bi Mkasi akatazama. Nilianza kueleza kuhusu jani na kikonyo. Mama mkwe akaniambia, "Baba, kalete chai." Nikaleta chai. Nikaanza tena. Nikatumwa sukari.

Niliporudi alikuwa anamuuliza swali la ajabu: akiifikiria hospitali, anataka kujua nini? Mama mkwe hakufikiri hata kidogo. Siku gani, saa ngapi, na nani atamshika mkono pale mlangoni, maana ngazi hazioni. Basi. Mambo matatu. Nilingoja aseme mengine ishirini. Hakusema.

Hapo ndipo mkasi ulipotoka mkobani. Karatasi ya manjano, kalamu nene nyeusi, maneno makubwa kama ya kwenye ubao wa duka. SIKU. SAA. MSINDIKIZAJI. Chini yake, RUDI. Mama mkwe aliinama, akainuka, akaweka kidole juu ya SIKU bila kuambiwa na mtu. Akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu ahamie kwetu. Akauliza hiyo RUDI ni ya nini. Bi Mkasi akasema ni ya mtu akikosea, arudi alipokuwa, na hakuna kitakachokuwa kimeharibika.

"Basi wewe ni mwalimu," mama mkwe akamwambia.

Nikaanza kukusanya vikombe, ingawa chai yao ilikuwa haijaisha.

Lakini kesho ni kesho. Nimeshajua kasoro ya programu yangu ilikuwa wapi. Haikuwa na mwongozo! Nimeandika kurasa arobaini na mbili.


Ijumaa, 14 Machi

Siku yenyewe. Tulikuwa daktari, mwalimu na saa yake, fundi wa programu, Bi Mkasi, mimi na mwongozo wangu.

Bi Mkasi alikwenda kwenye benchi akachukua mama mmoja muuza mboga ambaye hakuwa amewahi kumwona maishani. Mjinga! Angalau angechagua anayevaa miwani. Mama huyo alishika kishikwambi, ambamo fundi wa programu alikuwa amekesha akihamishia zile karatasi, kama mtu anayepokea mtoto mchanga wa watu. Bi Mkasi alikaa kando, mikono mapajani. Mama akakosea kwa kubonyeza SAA kabla ya SIKU. Nikatabasamu. Mama akaguna, akabonyeza RUDI, akaanza upya, akamaliza. Dakika moja na sekunde kumi. Akauliza kama hiyo ndiyo yote, maana mboga zake ziko juani.

Zamu yangu. Mgonjwa sikuwa naye, kwani mama mkwe alikuwa amekataa kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Daktari akasema atajaribu mwenyewe. Nikaona nyota njema. Daktari ana shahada mbili!

Alimpita bundi vizuri. Nikampa mwongozo, akauweka pembeni. Akagusa jani. Akauliza ni jani gani hili. Nikamwambia ukurasa wa kumi na sita. Akagusa lile lingine. Akaingia kwenye chumba cha mipangilio ya rangi, ambacho nilikiweka ili mtu achague kijivu akipendacho. Akataka kutoka. Dakika ya tano bado anataka kutoka.

"Natokaje humu?" aliuliza.

Nikamfungulia ukurasa wa thelathini na tatu. Akausogeza mbali, akausogeza karibu, akavua miwani, akavaa. Ndipo nilipokumbuka kwamba hata mwongozo niliuchapa kwa kijivu, vitu viendane. Akajaribu kuzima. Kishikwambi kikalia kengele, kikasema, "Hongera!"

Muuza mboga, ambaye kumbe hakuwa ameondoka, alicheka mpaka akashika ukuta.

Chumba amepewa Bi Mkasi. Mafagio yamehamishwa leo leo. Nimemwambia mke wangu kwamba jaribio halikuwa la haki: mwenzangu alitumia mtu anayejua anachotaka.


Jumapili, 16 Machi

Upasuaji wa mama mkwe ulifanyika jana, leo bandeji imetolewa. Shemeji yangu alimshika mkono ngazini kwenda na kurudi. Amekaa nje ya mlango anatazama vitu. Alitazama mikono yake. Akatazama ukuta akasema unahitaji chokaa. Akamtazama mke wangu muda mrefu, akamwambia amekonda, na wote wawili wakafuta macho. Kisha akasoma barua ya dada yake, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akirudia sehemu za umbeya kwa sauti na kumtazama mke wangu kila aya.

Nikakumbusha, kwa unyenyekevu tu, kwamba tarehe ya awali ilikuwa 18. Kwa hiyo kwa sababu yangu ameona siku tatu mapema. Hakuna aliyenishukuru.

Nilimletea kishikwambi chenye programu yangu. Ni haki yake kuona alichokikosa. Alikishika mbali, akakileta karibu, akakipeleka kwenye mwanga. Alichukua muda wake, kama anayesahihisha mtihani.

"Mkwe wangu," akasema, "sasa naona kila kitu vizuri kabisa. Lakini bado sielewi."

Bado macho hayajatulia. Daktari alisema ni wiki mbili.


Jumatatu, 17 Machi

Nani alisema nimeshindwa? Leo mwalimu aliniita mbele ya darasa zima! Alisema katika miaka yake yote ya kufundisha hajapata mtu kama mimi. Maneno yake mwenyewe. Akasema kuanzia wiki ijayo, kila Jumatatu, wanafunzi wote wataniletea programu zao nizijaribu kabla hazijaenda kwa watu. Hasomi maelekezo, alisema. Hubonyeza kabla ya kutazama. Mahali penye kosa lililojificha, yeye atalikanyaga ndani ya dakika moja. Programu ikimshinda yeye kuiharibu, haiharibiki na mtu mwingine yeyote.

Darasa lilipiga makofi. Bi Mkasi naye alipiga, tena alisema yake ndiyo iwe ya kwanza, na akauliza kama naweza kuja hata mara mbili kwa wiki. Adui mwenyewe ananibembeleza! Nikasema nitaangalia nafasi.

Mtahini Mkuu wa Programu. Cheo hicho nimejitungia mimi, mwalimu hakukitaja, lakini hakukikataa. Kutakuwa na meza, kiti, na watu wanane wamenizunguka kimya, kalamu mkononi, wakiandika kila ninachofanya. Kila ninachofanya! Nimemweleza mke wangu. Alicheka hadi akakaa chini, nadhani kwa fahari.

Kuna jambo moja tu la kuweka sawa. Haiwezekani mtu wa hadhi yangu akosee mbele ya wanafunzi. Nimeshazungumza na fundi wa programu anipe programu zote Ijumaa, kwa siri, nijizoeshe nyumbani mpaka nisikosee hata mbonyezo mmoja. Ameguna, lakini amekubali. Mama mkwe ndiye atakayenishikia saa.